Roboti ya Plastiki Katika Nyumba Yetu

Mtu akimwona mtoto ameinamia vipande vya vitu uani, ni rahisi aseme, "Huyo anapoteza wakati, mpeni jembe." Mimi sisemi hivyo. Jembe lina heshima yake, na katika nchi yetu ya Mbau asiyelima kakao, mihogo au ndizi atakula nini? Lakini mchezo nao ni shule. Mtoto anayeunda kitu kwa mikono yake hufundishwa na kitu chenyewe: kikikaa vibaya hakisimami, wala hakisikilizi udhuru. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, nao walijua walilosema.

Watoto wa pande zetu hawakungoja mtu wa kuwafundisha kuunda. Toka Beni hata Oicha utawaona na magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili zilizokatika, na mipira ya majani makavu ya migomba iliyokazwa kwa kamba, na chukudu ndogo za mti, wakiwaiga vijana wanaosukuma chukudu kubwa zenye mizigo ya makaa na mihogo. Chukudu ni chombo cha Kivu hasa: ubao mnene, usukani, na magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa gurudumu kuukuu, na mjini Goma imesimamishwa hata sanamu yake. Basi msomaji asidhani kwamba ufundi umekuja kwetu katika mzigo wa kutoka Ulaya. Lakini leo nataka kusimulia habari za kitu kimoja kilichotoka mbali kweli, maana kimetufundisha jambo nyumbani mwetu, na huenda likafaa nyumba nyingine.

Ndugu yangu mdogo akaaye Ubelgiji alimpa msafiri mmoja sanduku la karatasi ngumu, amletee mpwa wetu. Mpwa huyo ana miaka 12. Yeye na mama yake, dada yetu, walikimbia kijiji chao upande wa njia ya Kamango, wakaja kukaa kwangu. Baba yake hakufika. Mtoto ni mtiifu, na shuleni hesabu anaziweza, lakini maneno yake yalikuwa machache mno kwa umri wake. Juu ya sanduku palichorwa roboti, yaani mtu wa chuma, amesimama wima kama mlinzi. Mtoto alipolifungua, uso ulimwanguka. Ndani hamkuwa na roboti. Mlikuwa na fremu za plastiki, nyeupe, nyekundu, buluu na kijivu, na katika kila fremu vipande vidogo vidogo vimeshikwa kwa vijiti, kama kumbikumbi walionaswa katika utando. Pamoja nazo palikuwa na karatasi ya michoro, na vichupa vitatu vya rangi ya maji: nyeupe, nyeusi na nyekundu.

Akasema, "Mjomba, imevunjika."

Nalimjibu, "Haikuvunjika, mwanangu. Haijaundwa bado."

Yafaa kwanza nieleze kitu hiki kimetoka wapi. Roboti za namna hii ni za hadithi iliyoonyeshwa katika televisheni ya Japani mwaka 1979, jina lake Gundam. Mwaka uliofuata, 1980, kampuni iitwayo Bandai ikaanza kuuza sanamu zake za kuunganisha, na tangu hapo zimeenea duniani pote, watoto na watu wazima wakiziunda. Plastiki yenyewe huitwa polistirini. Huyeyushwa kwa moto, ikasukumwa kwa nguvu nyingi ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa na kuwa ngumu katika sura ya kalibu. Vipande vya sanduku letu vilichongwa kwa kipimo halisi hata vikashikana bila gundi: kimoja kina kijino, chenzake kina tundu.

Juu ya sanduku paliandikwa 1/144. Mtoto aliuliza maana yake, nami nalifurahi, kwa kuwa hapo hesabu za shule zilipata kazi. Katika hadithi, roboti hiyo ina urefu wa meta 18. Gawanya meta 18 kwa 144, utapata sentimeta 12 na nusu. Huo ndio urefu wa sanamu. Nikamwuliza, "Na mlango wetu wa meta 2, ungekuwa na urefu gani katika kipimo hicho?" Akachukua kaa, akaandika sakafuni, akafuta, akaandika tena. Milimeta 14, kasoro kidogo. Siku hiyo alipima kila kitu nyumbani, hata jogoo.

Sasa nawaeleza wanafunzi jinsi ya kuanza, maana wengi huharibu kazi mwanzoni.

Kwanza, soma mchoro wote kabla ya kukata chochote. Kila kipande kina herufi ya fremu yake na namba yake. Mwenye pupa hukata vipande vyote siku moja, akavimwaga mezani, kisha hajui mkono wa kuume ni upi wala wa kushoto ni upi, maana namba zimebaki katika fremu. Sisi tulikata tu vile vilivyotakiwa kwa hatua moja, tukaviweka katika kisahani, tukaviunganisha, ndipo tukaendelea. Kichwa siku moja, kifua siku nyingine. Ilituchukua majuma matatu, kwa kuwa kazi ilianza baada ya masomo na baada ya kuchota maji, wala Jumapili hatukuigusa kabla ya Misa.

Pili, kata mara mbili. Ukikata kijiti karibu sana na kipande kwa mara moja, plastiki huvutwa ikaacha kovu jeupe, au kipande hupasuka. Kata kwanza mbali, kipande kitoke katika fremu na kisiki chake. Kisha ukate kisiki polepole. Wenye fedha hununua koleo maalumu. Sisi tulitumia kikata kucha, nacho kilifanya kazi vizuri. Wembe ulikuwa mkononi mwangu mimi mtu mzima. Na vipande vidogo tuliviweka mbali na mtoto mchanga wa jirani, ambaye kila aonacho hutia kinywani.

Tatu, sugua kwa msasa. Seremala wa karibu alitupa vipande vya karatasi ya msasa laini. Utie maji kwanza, ili vumbi la plastiki lisiingie puani. Sugua kwa upole mpaka kidole kisisikie kisiki. Hapo ndipo nalipomwona mpwa wangu akibadilika. Mtoto asiyependa kuketi aliketi saa nzima akisugua goti la roboti, akilipitisha kwenye kidole, akisugua tena. Hakuna aliyemlazimisha. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Nne ni rangi, na hapa pana hatari na pana uzuri. Kabla ya kupaka, osha vipande kwa maji na sabuni, uviache vikauke kabisa, kwa sababu mafuta ya kiwandani na ya vidole huikataa rangi. Rangi iwe nyepesi kama maziwa. Usiipake nene kama uji. Paka mkono mmoja mwembamba, uache ukauke, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mkono wa kwanza utakuhuzunisha, kwa maana plastiki bado yaonekana, vumilia. Anayetaka kufunika yote kwa mara moja ataziba mistari yote midogo iliyochongwa, na uso wa roboti utakuwa kama ukuta uliokandikwa. Siku ya mvua usipake, maana rangi haikauki upesi, na hapa kwetu mvua si haba. Tena nasisitiza jambo hili: usichanganye rangi na petroli, wala usisafishe plastiki hii kwa petroli. Petroli huila polistirini ikailainisha na kuipasua, na moshi wake ni sumu. Na petroli karibu na jiko la makaa ni moto wa nyumba nzima. Rangi za maji zatosha. Mwishoni chukua nyeusi iliyozimuliwa sana, uipitishe katika mistari kwa ncha ya kijiti, ufute iliyozidi kwa kitambaa. Hapo mistari itajitokeza, na sanamu itaonekana kama chuma kweli.

Na kabla ya kupaka kipande chochote, jaribu rangi kwenye fremu iliyobaki. Nitalirudia jambo hili kidogo mbele.

Tulipofika hatua ya mwisho ya michoro, mikono ya roboti ilikuwa mitupu. Katika fremu zilibaki bunduki ndefu, panga mbili, na ngao. Mchoro ulionyesha bunduki katika mkono wa kuume. Mtoto alikishika kikata kucha, akanyamaza, kisha akasema:

"Mjomba, ni sharti tumpe bunduki?"

Msomaji asiyeijua Mbau huenda asione uzito wa swali hilo. Tarehe 19 Oktoba 2012 mapadre watatu Waasumpsionisti walitekwa hapa hapa, katika parokia yetu ya Bikira Maria wa Maskini, wakapelekwa msituni. Tangu Oktoba 2014 mauaji yaliingia katika vijiji vya Beni, usiku na mchana, kwa bunduki na kwa mapanga, watu wakauawa mashambani na majumbani mwao. Wengine walihama mara tatu, mara nne. Kakao iliivia mtini bila mchumaji, kwa kuwa mwenye shamba aliogopa kwenda kuichuma. Watoto waliyaona hayo. Baadaye niliwaona uani wakichonga bunduki za shina la mgomba, wakigawana: hawa askari, hawa waasi, hawa maiti. Siwalaumu. Mtoto hucheza alichokiona. Hata hadithi ile ya Japani ni hadithi ya vita, na anayeiendesha roboti ile ni kijana wa miaka 15 aliyejikuta vitani bila kupenda. Nchi yetu inawajua vijana wa namna hiyo.

Nalifikiri kidogo, nikamjibu kwamba mchoro ni shauri la mwenye kiwanda. Si amri ya Mungu.

Akakata ngao. Akasema, "Hii tumpe, kwa maana ngao haiui mtu." Bunduki na panga akaziacha katika fremu. Nami nimesema kwamba rangi hujaribiwa kwanza kwenye fremu iliyobaki. Basi yeye alizijaribu rangi zake zote juu ya ile bunduki, nyeupe, nyekundu, nyeusi, kijivu, hata ikajaa mabaka kama kitambaa cha fundi. Sikumwambia neno. Mama yake alikuwa mlangoni akichambua mboga za sombe. Aliona, akaendelea kuchambua.

Kesho yake akaja na swali lingine, nalo lilikuwa gumu zaidi: "Roboti isiyopigana yafanya kazi gani?"

Kwa bahati nzuri jibu lake liko katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 2013 mjini Kinshasa ziliwekwa barabarani roboti za kuongoza magari. Aliyezibuni ni mhandisi Mkongomani, mwanamke, jina lake Thérèse Izay Kirongozi, akiwa na wenzake wa chama cha wanawake wa ufundi kiitwacho Wotech. Roboti zile zilikuwa na urefu wa meta 2 na nusu hivi, zimeundwa kwa alumini, zikipata umeme wa jua kwa bamba lililo juu yake. Zilikuwa na kamera za kuangalia magari, na taa nyekundu na za kijani. Kifua kiligeuka, mkono ukainuka, magari yakasimama, na watu waendao kwa miguu wakaambiwa kwa sauti kwamba sasa waweza kuvuka. Mwaka 2015 ziliongezwa nyingine tatu, nazo zilipewa majina kama watu: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Baadhi ya madereva walisema wanaiheshimu roboti kuliko askari, kwa sababu haili rushwa. Hilo lilichekesha, lakini si la kuchekesha tu.

Nilimwonyesha mpwa wangu picha yake katika simu. Aliitazama muda mrefu. Kisha akachukua kaa lake akapiga hesabu bila kuambiwa: sentimeta 250 kwa sentimeta 12 na nusu, mara 20. "Mjomba, akiwa polisi wa magari, yeye si sehemu moja ya 144 tena. Ni sehemu moja ya 20." Nami naliona kwamba amesema neno kubwa bila kujua. Sanamu ni ile ile. Kazi tuliyompa ndiyo iliyobadili kipimo chake.

Basi tulichanganya nyeupe na nyeusi kidogo, tukapata kijivu cha alumini, tukampaka mwili mzima. Mwandika mabango mmoja alitupa rangi ya kijani ndani ya kifuniko cha chupa. Taa za kifuani mtoto alizichora kwa ncha ya kijiti, nyekundu moja, kijani moja. Ngao aliipaka nyeupe, akaandika juu yake neno moja: SIMAMA. Roboti sasa yakaa juu ya rafu yetu, karibu na sanamu ya Mtakatifu Yosefu, ikitazama mlango.

Kazi haikuishia hapo, na hili ndilo hasa nililotaka wazazi walisikie. Sanduku la Ulaya huisha. Vipande vikishaunganishwa hakuna vingine, na ndugu wa Ubelgiji hawezi kutuma sanduku kila mwezi. Mtoto angeweza kuketi akingoja. Lakini mikono iliyojifunza haiwezi kukaa bure. Siku chache baadaye nalimkuta nyuma ya jiko na bidoni ya mafuta iliyotoboka. Alikuwa akiikata vipande, kila kimoja amekichora kwanza kwa kaa na kukipa namba, kama alivyoona katika michoro. Viungo vya mabega alivifanya kwa waya, miguu kwa mpira wa kandambili, kichwa kwa kifuniko cha chupa. Plastiki ya bidoni si sawa na ile ya sanduku: ni laini, haishiki rangi vema, na gundi nyingi huikataa. Aliligundua hilo mwenyewe, akaamua kufunga kwa waya badala ya gundi. Kwa ushauri wa fundi wa chukudu alijifunza kupasha msumari moto na kutoboa tundu lililo sawa, wakiwa nje penye upepo. Roboti hiyo ya pili haina uzuri wa ile ya kwanza. Kiuno chake kimepinda. Lakini mchoro wake ulitoka katika kichwa cha mtoto wa Mbau.

Wenzake wakaja kutazama, wakaketi. Mmoja alikuwa binti wa jirani, naye ndiye anayekata vizuri kupita wote. Wazazi wengine wangemwita akasonge ugali na kumwambia huo ni mchezo wa wavulana. Nawaomba wakumbuke kwamba roboti za Kinshasa zilitoka katika akili ya mwanamke aliyesomea ufundi. Ugali utasongwa, siku ina saa nyingi.

Msijali, wazazi, ikiwa hamna ndugu ng'ambo. Mnaweza kuanza na bidoni, waya, wembe mmoja mkononi mwa mtu mzima na kipande cha msasa. Jambo la kwanza ni mtu mzima aketi na mtoto. Hiyo ndiyo gharama kubwa, nasi ndiyo tunayoikwepa, tukimnunulia mtoto kitu ili asitusumbue. Bwana wetu Yesu Kristu alikaa miaka mingi Nazareti pamoja na seremala. Injili haituambii waliunda nini, milango au majembe. Lakini watu wa mji walimjua kuwa mwana wa seremala, na naamini mikono iliyowabariki wagonjwa ilikuwa na sugu za kazi.

Sidai kwamba sanamu ya plastiki huponya yaliyompata mtoto. Yeye bado huamka usiku akisikia mbwa wanabweka, na sisi wote huamka pamoja naye. Yaliyotupata katika nchi ya Beni yanahitaji amani ya kweli, na haki, na sala nyingi. Lakini nimeona haya kwa macho yangu: mtoto aliyesema "imevunjika" sasa akiona kitu katika vipande huuliza mchoro uko wapi, na asipouona, huchukua kaa akauchora.

Nanyi wanafunzi mtakaotaka kuanza, anzeni na kipande kimoja, mkisugue mpaka kimelainika, ndipo mchukue cha pili. Na mkifika penye mikono ya sanamu yenu, msikimbilie kuangalia mchoro unasemaje. Fikirini ninyi wenyewe mnataka ishike nini. Mtakatifu Yosefu, fundi na mlinzi wa Familia Takatifu, awaombee ninyi na nyumba zenu.